SARUJI MBOVU HUTUANGUKIA SISI

Ndugu Wanachama,

Juzi katika mkutano wa mapatano, bwana mmoja wa upande wa matajiri aliweka kalamu yake mezani akatuambia hivi: ninyi watu wa chama, mambo yenu ni mshahara, likizo na viatu vya kazi. Mambo ya maabara, ya vumbi na ya machimbo yaacheni kwa wenye ujuzi. Wajumbe wetu wawili walicheka. Mmoja hata aliitikia kwa kichwa.

Mimi sikucheka, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii. Nimekula mkate wa saruji miaka mingi. Nimeanza kwa kubeba mifuko, nikaingia kwenye kinu, nikaishia maabara. Nasema bwana yule amekosea, na mjumbe wetu aliyemwitikia amekosea zaidi. Ubora wa saruji ni jambo la chama. Vumbi ni jambo la chama. Shimo linaloachwa mawe yakiisha ni jambo la chama. Wala hayo si mambo mapya yanayobebeshwa juu ya mshahara. Ni jambo lile lile moja, kwa kuwa kibarua wa kutwa asiye na kinga hawezi kulinda saruji, wala mapafu yake mwenyewe, wala ardhi ya jirani yake.

NANI ANALALA CHINI YA ZEGE?

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku, mvua ikinyesha, jumba la orofa sita lilianguka Huruma, Nairobi. Watu karibu 50 walikufa. Jumba lile lilijengwa bila kibali, lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Watu walikuwa bado wanakaa ndani na kodi ilikuwa bado inapokewa.

Miaka kumi kabla yake, Januari 2006, jumba jingine lilianguka barabara ya Ronald Ngala, katikati ya jiji, likiwa bado linajengwa. Waliokufa humo wengi walikuwa wafanyakazi wa ujenzi wenyewe, watu wa kazi kama sisi.

Sisemi kwamba saruji peke yake ndiyo iliyoangusha majumba hayo. Jumba huanguka kwa dhambi nyingi zilizokutana: msingi mfupi, chuma chembamba, mchanga mchafu, maji mengi katika zege, orofa zilizoongezwa juu ya nguzo zisizoweza, na karani wa ofisi aliyefumba jicho. Lakini ukizihesabu dhambi hizo zote, saruji ndiyo iliyokusudiwa kuzishika pamoja. Ikiwa nayo ni mbovu, hakuna kilichobaki.

Basi nauliza: nani anakodi chumba Huruma, na Mathare, na Pipeline, na Mishomoroni? Mabwana wakubwa hawakodi huko. Wanaokodi ni wapakiaji, madereva, wauguzi, askari wa mlangoni, mama wauza mboga. Ni wanachama wa vyama na wake zao na waume zao na watoto wao. Saruji tunayoisaga mchana ndiyo tunayolala chini yake usiku. Tajiri akikosa hupoteza jina lake mwaka mmoja. Sisi tukikosa tunapoteza watoto. Halafu tunaambiwa si jambo letu!

NAMBA ILIYO JUU YA MFUKO

Wengi wetu twapakia mifuko kila siku bila kuambiwa ile namba iliyoandikwa juu yake ina maana gani. Basi tuambizane.

Kipimo cha saruji kinachotumika Kenya na nchi jirani za Afrika Mashariki huitwa KS EAS 18-1. Hapa kwetu msimamizi wake ni KEBS, shirika la viwango lililoundwa mwaka 1974. Hupimwa hivi: huchukuliwa saruji sehemu moja, mchanga maalum sehemu tatu, na maji nusu ya uzito wa saruji. Mchanganyiko huo hufinyangwa vipande vya sentimeta 4 kwa 4 kwa 16, kisha vipande huwekwa majini. Siku ya 28 huvunjwa kwa mashine. Saruji ya 32.5 ni ile ambayo kila milimita mraba ya kipande hubeba niutoni 32.5 au zaidi kabla ya kupasuka. Kwa hesabu ya sokoni, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, sentimeta moja kwa sentimeta moja, hubeba kilo 330 hivi. Saruji ya 42.5 hubeba kilo 430 hivi. Kwa hiyo fundi anayenunua 32.5 kwa sababu ni rahisi kidogo, akaimwaga katika nguzo za jumba la orofa tano zilizochorwa kwa 42.5, amekwisha kuwaibia watakaokaa humo, hata kama kiwanda hakikukosa.

Siku 28! Saruji haikai ghalani siku 28 ikingoja jibu. Inafungwa leo, inapakiwa leo, kesho iko Machakos, keshokutwa iko Kisii. Jibu la maabara likitoka, ukuta umekwisha kusimama, na pengine zege la orofa ya pili limekwisha kumwagwa.

Kwa hiyo kinga ya kweli haiko katika siku ya 28. Iko katika saa ile ile saruji inapotengenezwa. Iko katika jicho la mtu wa tanuri, anayejua kwa rangi ya moto kwamba mawe hayakuiva. Iko katika mkono wa aliye kwenye mizani ya klinka, na katika sikio la aliye karibu na kinu, anayesikia kwa mlio kwamba kinu kimelishwa vibaya. Iko kwa kijana wa maabara anayechekecha saruji kila saa aone kama imesagika. Mkaguzi wa serikali huja siku moja akaenda zake. Mfanyakazi yuko hapo mchana na usiku. Mkaguzi wa kwanza ni mfanyakazi, na hakuna wa pili anayemfikia.

Lakini mkaguzi huyu amefungwa mdomo. Sikilizeni.

USIKU MMOJA KWENYE KINU

Kiwanda sikitaji, na waliokuwapo watakijua. Nilikuwa maabara, zamu ya usiku, majira ya mvua. Mdomo wa ghala la klinka uliziba. Ukanda wa klinka ukawa unazunguka mtupu, lakini ukanda wa pili uliendelea kuleta majivu ya volkano kama kawaida, na kinu kikaendelea kusaga. Aliyekuwa amesimama hapo ni kijana wa kutwa, aliyeletwa na wakala. Aliona, na alijua maana yake. Kidude cha kusimamisha mashine kilikuwa hatua nne kutoka aliposimama.

Hakukigusa. Juma lililotangulia kijana mwenziwe alisimamisha mashine ya kufunga mifuko kwa kuwa mifuko ilikuwa inatoka pungufu, na alfajiri aliambiwa: kesho usije. Hakupewa barua wala hakuulizwa neno. Usije, basi.

Mimi nilipochukua sampuli nikaona mambo si mambo. Nikamwendea msimamizi wa zamu. Akaniambia: malori kumi na mawili yako mlangoni, wewe wataka nini? Nikaandika namba yangu katika kitabu. Asubuhi nilikuta imekatwa, na juu yake imeandikwa nyingine nzuri. Siku ya 7 tukavunja vipande vya usiku ule. Saruji ya 32.5 ya kawaida kufikia siku ya 7 hapana budi ishike 16. Vile vilivunjika kwa 11.

Saruji yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda. Sijui ilijenga nini. Labda ilijenga choo, labda ukuta wa boma la ng'ombe. Labda ilijenga nguzo ya nyumba ambayo leo watoto wamelala juu yake. Nami sikusema neno, kwa maana mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu na ulikuwa umebakiza siku tisa. Nimeandika haya ili nisiendelee kunyamaza.

Sasa, nani alikosa usiku ule? Tajiri atasema ni kijana. Mimi nasema alikosa yule aliyeamua kwamba mtu wa kulinda mizani ya klinka awe mtu wa kufukuzwa kwa neno moja. Wamenunua mashine za mamilioni za kupima saruji, kisha wakaziweka mikononi mwa watu wasioruhusiwa kusema zilichoonyesha. Huo si ukaguzi, ni pambo la kuonyeshwa wageni.

Sheria ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa kutwa akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa mtu wa mkataba wa mwezi. Kinu hakimaliziki kwa miezi mitatu. Tanuri halimaliziki. Basi kwa nini watu wa kinu na tanuri bado wanaitwa vibarua? Kwa sababu wakala huwabadilisha majina na tarehe, na kwa sababu sisi wenye kazi za kudumu tumekubali kuona hayo na kunyamaza.

Wazee wetu wa bandari ya Mombasa walilijua jambo hili kabla ya Uhuru. Mgomo mkubwa wa Januari 1947 ulipotikisa Mombasa, mtu wa kutwa ndiye alikuwa kiini cha taabu ya mji ule: leo ana kazi, kesho hana, na kwa hiyo hana sauti. Walipigania mshahara, lakini walipigania pia mtu asiwe kama gunia la kutupwa jioni. Sisi tumerithi chama, tusiridhike kurithi unyonge nao.

SARUJI YA KIJANI, AU SARUJI YA UJANJA?

Siku hizi kila kampuni yaimba wimbo wa mazingira. Tusikatae wimbo huo bila kuusikia, kwa maana ndani yake mna ukweli. Ukweli ni huu. Klinka hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo mpaka joto la digrii 1,450 hivi. Jiwe la chokaa likiungua, lenyewe hutoa hewa ya kaboni: katika kila tani ya klinka hutoka zaidi ya nusu tani ya hewa hiyo kutoka katika jiwe tu, mbali na moshi wa makaa. Ndiyo sababu saruji ya dunia nzima huhesabiwa kuwa inatoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya kaboni inayotoka kwa kazi za binadamu. Ukame unaoua ng'ombe wa Kajiado, mlango wa machimbo yetu, hauwezi kuambiwa ni jambo la Wazungu.

Dawa moja ni kupunguza klinka na kuongeza majivu ya volkano. Nchi yetu imejaliwa majivu hayo katika Bonde la Ufa na nyanda za Athi River. Yakisagwa vizuri na kupimwa vizuri hutoa saruji njema, yenye kukaza taratibu lakini yenye kudumu, hata mahali penye maji ya chumvi. Dawa ya pili ni kuchoma maganda ya kahawa na ya mpunga badala ya makaa yanayoletwa kwa meli. Haya ni mema, na chama chetu yafaa kiyaunge mkono waziwazi.

Lakini angalieni hesabu. Majivu ni rahisi, klinka ni ghali. Kinu kinachosaga tani 1,000 kwa siku kikipunguza klinka kwa asilimia moja tu, kimeokoa tani 10 za klinka siku hiyo. Hiyo ni faida kwa hewa, na ni faida kwa mfuko wa tajiri. Hapo ndipo mjanja huingia. Kiwango kimeweka mpaka kwa kila aina: katika ile yenye majivu mengi kuliko zote, inayoandikwa CEM IV/B, klinka haitakiwi kuwa chini ya asilimia 45. Katika mfuko wa kilo 50 hiyo ni kama kilo 22 na nusu. Anayeshuka chini ya hapo hakuokoa dunia. Amemwibia mnunuzi, na akiliita jambo hilo mazingira, amemwibia mara mbili.

Tena majivu yakiongezwa, kazi ya kusaga na kupima huwa kubwa zaidi, si ndogo. Majivu yaliyoloa, yasiyosagika, yasiyo ya machimbo yale yale ya jana, yote yataka macho zaidi. Kampuni inayopunguza klinka na wakati huo huo inapunguza watu wa maabara, yatueleza yenyewe ni ya kijani gani.

Na neno hili liwafikie wanaoleta klinka kutoka ng'ambo. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha iliweka tozo ya asilimia 17.5 juu ya klinka ya nje ili matanuri ya hapa yapate kazi. Sisi hatupingi tanuri la nyumbani. Ni kazi yetu. Lakini mtu akilindwa na Serikali dhidi ya mshindani, naye awe na deni: afungue vitabu vyake vya maabara. Ulinzi bila ukaguzi ni ruhusa ya kuuza kitu kibaya kwa bei kubwa.

VUMBI NI MSHAHARA ULIOKATWA

Kila punje ya vumbi inayoruka ni saruji iliyopotea. Kwa hiyo mtu angedhani tajiri angekuwa wa kwanza kulizuia. Lakini mifuko ya kuchujia vumbi hula umeme na hutaka kubadilishwa, na mapafu ya kibarua hayaandikwi katika hesabu za kampuni. Majirani wa viwanda wanajua: wakiamka asubuhi nyingine huona mabati yamekuwa meupe, na hawahitaji mtaalamu kuwaambia kitu gani kilizimwa usiku.

Mawe yenye silika huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Saruji iliyoloa huchoma ngozi, na kromi iliyomo huleta upele ambao ukishamshika mtu hawezi tena kugusa saruji maisha yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 imekatazwa kuuza saruji ambayo kromi yake ya sumu, ikiloweshwa, yapita sehemu 2 katika milioni. Huko viwanda hutia dawa ya chumvi ya chuma kuipunguza. Je, mkono wa fundi wa Kawangware una ngozi ngumu kuliko wa fundi wa Paris?

Hapa pia sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na yasema mfanyakazi akitoa habari ya hatari kubwa iliyo karibu, tajiri haruhusiwi kumlazimisha kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Wangapi kati yenu wanawajua wajumbe wa kamati hiyo? Wangapi wamewahi kuiona ikikutana? Tukiwa hatujui, kosa hilo si la tajiri peke yake.

WENYE KAMPUNI HUONDOKA, SHIMO HUBAKI

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Mwenye kukianzisha alikuwa Felix Mandl. Baadaye kikawa mikononi mwa kampuni kubwa za Ulaya. Na mwishoni mwa mwaka 2024 kikachukuliwa na Amsons ya Tanzania. Kampuni ya ARM iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi Agosti 2018, na mwaka 2019 mali yake ya Kenya ikanunuliwa na National Cement. Sitaji haya kumlaumu mtu. Nayataja mpate kuona kwamba wenye kampuni huja na kwenda. Machimbo hayaendi popote, na watu wanaokaa ukingoni mwake hawaendi popote.

Shimo laweza kuponywa, na ushahidi upo hapa hapa pwani. Mawe ya Bamburi ni matumbawe ya kale ya bahari. Yalipochimbwa, palibaki jangwa jeupe lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Miti mingi ilikufa, mvinje ukastahimili. Majani yake yakaanguka yasioze, mpaka walipoletwa majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mahali hapo ni msitu wenye twiga na viboko, na wageni hulipa kuingia.

Sifa ya Haller ni haki yake. Lakini msitu haupandwi na mtu mmoja. Mashimo ya miche yalichimbwa kwa sururu, na miche ilimwagiwa maji, na watu ambao majina yao hayamo katika kalenda yoyote. Kwa hiyo tajiri asituambie kuponya ardhi ni gharama tupu. Ni kazi. Ni mshahara kwa wale wale ambao tanuri la kisasa limewapunguza. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yataka mwenye kuchimba aweke dhamana ya kutengeneza ardhi, na yagawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa wenyeji wa mahali. Wenyeji wa machimbo waulize asilimia 10 yao iko wapi, na chama kiwasaidie kuuliza.

WANAOTUPINGA

Wako wanaosema: ukipiga kelele juu ya saruji mbovu utaua kiwanda, nawe utakosa kazi. Nawajibu: saruji inayoua kiwanda ni ile inayoaminiwa kisha ikavunjika. Mnunuzi akidanganywa mara moja huhamia mfuko wa jirani na harudi. Mfanyakazi anayesimamisha kinu kwa nusu saa ameokoa ajira kuliko msimamizi anayeandika namba za uongo kwa mwaka mzima.

Wako wanaosema kosa ni la fundi wa mjengo, aliyezidisha maji na mchanga. Mara nyingi ni kweli. Basi mfundisheni! Andikeni juu ya mfuko, kwa Kiswahili cha kusomeka, saruji hii ni ya lipu na ukuta, au ni ya nguzo na dari. Ilifungwa tarehe gani. Imwagiwe maji siku ngapi. Fundi hawezi kulaumiwa kwa barua ambayo hakuandikiwa.

Na wako wenzetu wanaosema: chama kidai shilingi kwanza, hayo mengine baadaye. Ndugu zangu, Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka pamoja. Ibara ya 41 ni haki ya mfanyakazi. Ibara ya 42 ni haki ya mazingira safi. Ibara ya 46 ni haki ya mnunuzi kupata bidhaa za ubora unaofaa. Mfanyakazi wa saruji ni watu hao watatu ndani ya ngozi moja.

TUNADAI HAYA

1. Kila mtu anayelinda tanuri, kinu, mizani, maabara na mashine ya kufunga mifuko awe mtu wa kudumu, ameajiriwa na kiwanda chenyewe, si na wakala.

2. Mkataba wa pamoja uandike wazi kwamba anayesimamisha mashine kwa sababu ya ubora au hatari haadhibiwi, hata ikionekana baadaye kwamba alihofu bure.

3. Majibu ya maabara ya siku ya 2, ya 7 na ya 28 yabandikwe ubaoni kila juma, na kitabu kiandikwe kwa wino. Namba ikirekebishwa, aliyerekebisha atie sahihi.

4. KEBS wanunue mifuko madukani kama mnunuzi wa kawaida, wasingoje kuandaliwa sampuli kiwandani, na watangaze waliyoyaona, mazuri na mabaya.

5. Mifuko ya kuchujia vumbi ifanye kazi usiku kama mchana. Mapafu yapimwe kila mwaka, na majibu apewe mwenye mapafu.

6. Kazi ya kuponya machimbo ianze wakati wa kuchimba, isingoje mwisho, na ipewe watu wa mahali kwa mshahara wa mkataba wetu.

NA SISI TUJIANGALIE

Tukidai haya, mikono yetu iwe safi. Wako wanachama wanaouza mifuko mitupu nje ya ua, wakijua itajazwa saruji iliyoganda na kuchekechwa upya. Wako wanaoandika vipimo vya saa nane, tisa na kumi usiku kwa kalamu moja saa kumi na moja alfajiri, baada ya kulala. Wako mafundi wanaopokea bakshishi ili mifuko mitatu ya kazi iwe miwili. Mtu wa namna hii akija ofisini kuomba chama kimtetee, tutamwuliza kwanza nani atawatetea waliomo ndani ya nyumba aliyoijenga.

Mkutano wa mapatano unaofuata, wajumbe wetu wataingia na orodha hii sita kwa sita, na nukta ya mshahara itakaa pamoja nazo katika karatasi moja. Bwana yule akiweka tena kalamu mezani na kutuambia maabara si jambo letu, asipatikane wa kucheka. Nanyi kila tawi lisome orodha hii kwa sauti, liwataje wajumbe wake wa kamati ya usalama kwa majina, na likiona hawapo liwachague.

Kijana yule wa ukanda hakurudi tena kiwandani. Wakala alimpeleka kwingine. Popote alipo, nataka ajue kwamba siku ile alistahili kuwa na chama nyuma yake, na hakikuwapo.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu,
MVUNJA VIPANDE